Mlinipima kwa Kipimo Gani? Hotuba kwa Wafanyakazi wa Teknolojia, Kisumu

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu mliofika, walimu wa vyuo vyetu, waajiri mliokubali kuketi katika ukumbi mmoja na watu mnaowalipa mshahara, nanyi ndugu zangu mnaoshinda mbele ya kompyuta tangu asubuhi hadi usiku, hamjambo. Niliombwa nizungumzie haki kazini na usalama wa ajira katika kampuni za teknolojia. Nilikubali kwa sababu jambo hili nimeliona kwa pande zote mbili: nimewahi kuwa mwajiriwa aliyelala kwa hofu ya kuondolewa, na nimewahi kuketi katika chumba ambamo majina ya wenzangu yalichaguliwa ili waondolewe. Leo nitakaa zaidi katika chumba hicho, kwa kuwa humo ndimo nilimojifunza ninachotaka kuwaeleza.

Sisi wa upande huu wa nchi hatuhitaji kufundishwa maana ya kazi kwisha. Webuye, kiwanda cha karatasi cha Pan African Paper Mills kilisimama mwaka 2009, na biashara ndogondogo zilizokizunguka, kuanzia vibanda vya chai hadi nyumba za kupanga, zikasimama pamoja nacho. Mumias, kampuni ya sukari iliwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa kampuni iliyoshindwa kulipa madeni, mwaka 2019 baada ya miaka ya kuyumba. Hapa mjini kwetu, wengi wenu ni watoto na wajukuu wa watu waliosomeshwa kwa mishahara ya kiwanda cha KICOMI kabla ya mashine zake za nguo kunyamaza. Hata hivyo, kiwanda kinapokufa hukawia kufa, na mfanyakazi hukiona kikifa. Miwa hulala shambani bila kuchukuliwa, malori hupungua langoni, mshahara huchelewa wiki moja, kisha mwezi, kisha miezi mitatu. Mtu hupata nafasi ya kuhesabu, hata kama hesabu yenyewe ni ya uchungu.

Katika kampuni ya teknolojia dalili hizo mara nyingi hazipo. Alphabet, kampuni inayomiliki Google, ilipata faida ya karibu dola bilioni 60 kwa mwaka 2022, na Januari 2023 ilitangaza kwamba ingepunguza wafanyakazi wapatao 12,000. Miezi miwili kabla ya hapo Meta, kampuni inayomiliki Facebook, ilikuwa imetangaza kupunguza 11,000. Twitter nayo, baada ya kununuliwa, iliwaondoa takriban nusu ya wafanyakazi wake, na wale wa Accra nchini Ghana waliachishwa kazi siku chache tu baada ya kuanza kutumia ofisi yao mpya. Wengi katika kampuni hizi walipata habari kwa barua pepe, na wengine walijua pale nenosiri lilipokataa. Kijana wa mtaa wetu wa Kondele anayesoma habari kama hizi hujifunza jambo moja haraka sana: faida ya mwajiri si ngao yake, na bidii yake peke yake si ngao pia. Basi ngao ni ipi? Swali hilo ndilo lililonirudisha nyumbani, na ili nilijibu lazima niwaeleze niliyoyafanya.

Nilikuwa kiongozi wa kikundi katika kampuni moja jijini Nairobi iliyotengeneza programu za malipo kwa ajili ya vyama vya akiba na mikopo. Idara yetu ilikuwa na watu 34. Jumanne moja alasiri viongozi watatu wa vikundi tuliitwa, tukaambiwa kwamba gharama zimepanda na kwamba kufikia Ijumaa tulete majina 9 ya kuondoka. Hatukupewa kanuni yoyote ya kuchagulia. Mkubwa wetu alisema tu kwamba tuwabakize wenye mchango mkubwa, kisha akatoka kwenda kupokea simu.

Tulikuwa na jedwali moja lililoonyesha kila mfanyakazi amefunga, yaani amemaliza kushughulikia, maombi mangapi ya msaada ya wateja katika miezi 6 iliyopita. Jedwali hilo liliundwa ili kupangia zamu, na hakuna aliyekuwa amelikusudia kupimia ubora wa mtu. Lakini lilikuwa na nambari, na zile nambari zilitupa faraja ya kujiambia kwamba hatumpendelei mtu. Tukalipanga kutoka juu hadi chini, tukachora mstari chini ya jina la 25.

Chini ya mstari alikuwamo dada mmoja kutoka Ugunja aliyekuwa amerudi kutoka likizo ya uzazi. Katika miezi ile 6, miezi 3 hakuwapo kazini, kwa hiyo jumla yake ilikuwa kama nusu ya jumla za wengine, na hakuna hata mmoja wetu aliyegawanya kwa miezi aliyofanya kazi. Alikuwamo pia kaka mmoja wa makamo, aliyeufahamu kuliko sote mfumo wa zamani ambao vyama kadhaa vya mashambani vilikuwa bado vinautumia. Ombi moja kwake liliweza kuchukua siku 3, kwa sababu sisi wengine tulimsukumia yale yaliyotushinda. Kijana aliyeketi meza ya pili kutoka kwake alifunga maombi 20 kwa siku, mengi yakiwa ya watu waliosahau nenosiri. Kwa mujibu wa jedwali letu, kijana huyo alikuwa na thamani kubwa mara nyingi kuliko yule aliyezuia mishahara ya walimu wa kata nzima isipotee.

Nilijua hivyo. Nilisema mara moja, kwa sauti ndogo, kwamba kaka huyu anafanya kazi ngumu. Nikajibiwa kwamba tukianza kumtetea mmoja itabidi tuwatetee wote, nami nikanyamaza, kwa sababu jina langu lilikuwa juu ya mstari. Nikatia sahihi.

Jumatatu iliyofuata waliitwa mmoja mmoja katika chumba kidogo, kila mtu dakika 10. Barua zao zilitaja mabadiliko ya mahitaji ya kampuni, na hazikutaja jedwali wala miezi 6. Dada wa Ugunja alinikuta kwenye ngazi akiwa ameshika sweta yake na kikombe chake cha chai. Hakulia wala hakunitukana. Aliniuliza, "Mlinipima kwa kipimo gani?" Nikamwambia kwamba uamuzi ulitoka juu. Huo ulikuwa uongo, naye alijua kuwa ni uongo.

Nimelifikiria swali lake kwa miaka kadhaa. Hakuuliza kwa nini kampuni imepunguza watu, kwa maana alikuwa mtu mzima na alijua kwamba biashara hupanda na kushuka. Hakuomba abakizwe. Alitaka kujua kipimo, na kama kingekuwapo kipimo cha haki, kilichotangazwa mapema na kutumiwa kwa wote sawasawa, naamini angekipokea kwa huzuni lakini bila dharau. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sisi tulimnyonga na haki yake tukabaki nayo mfukoni.

Wataalamu waliochunguza mambo ya kazi wamelionyesha hili kwa njia nzuri kuliko mimi. Mwaka 1990 mtafiti Jerald Greenberg wa Marekani alichapisha uchunguzi kuhusu viwanda vitatu vya kampuni moja. Katika viwili, mishahara ilikatwa kwa asilimia 15 kwa muda wa wiki 10; katika cha tatu haikuguswa. Kwenye kiwanda kimoja kati ya vile viwili, wakubwa waliketi na wafanyakazi, wakaonyesha hesabu, wakaeleza kwa nini wamechagua kukata mishahara badala ya kuwafukuza watu, wakajibu maswali na wakasema kwa heshima kwamba inawauma. Kwenye kiwanda cha pili walitoa tangazo fupi wakaenda zao. Fedha zilizokatwa zilikuwa sawa, lakini wizi wa mali ya kampuni ulipanda zaidi kwa mbali katika kiwanda cha tangazo fupi. Mimi nauona uchunguzi huo kama ushahidi kwamba mtu anayelipwa hupima mambo mawili kwa wakati mmoja, kile alichopata na jinsi alivyotendewa alipokipata, na kwamba la pili linaweza kulitibu la kwanza au kulichafua.

Katika kampuni yetu hakuna aliyeiba kitu. Kilichotokea kilikuwa kibaya zaidi, na ningependa waajiri mliopo mlisikilize hili kwa makini, kwa kuwa halionekani katika vitabu vya hesabu. Wale 25 tuliobaki tulielewa, bila kuambiwa, ni nini kilichowaondoa wenzetu. Ndani ya mwezi mmoja maombi magumu yakaanza kuzunguka mezani kama mtoto asiye na mwenyewe. Kila mtu aliyakimbilia mepesi, ya nenosiri na ya risiti, kwa sababu mepesi ndiyo yaliyokuwa yanahesabiwa. Aliyejua jambo hakumfundisha mwenzake, maana ujuzi ulikuwa umegeuka akiba ya kujilinda. Mfumo wa zamani ulipoharibika, hakukuwa na mtu wa kuutengeneza, na yule kaka tuliyemwondoa alitafutwa kwa simu akaombwa aje kwa malipo ya siku. Alikataa, na alikuwa na haki ya kukataa. Wahandisi wetu watatu hodari kuliko wote waliacha kazi kwa hiari yao kabla ya mwaka kwisha, na mmoja wao aliniambia kwamba hawezi kujenga nyumba mahali asipojua ni upande gani unaobomoka.

Sasa niseme juu ya sheria, kwa sababu wakati ule sisi watatu katika chumba kile hatukuijua, na ujinga wetu uliwagharimu watu wengine. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 41, inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki kazini, na inataja malipo ya haki, mazingira mazuri ya kazi na uhuru wa kujiunga na chama cha wafanyakazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ndiyo inayoingia katika undani. Kifungu cha 40 kinahusu mtu anayeondolewa kwa sababu nafasi yake imefutwa, yaani bila kosa lake. Mwajiri lazima atoe taarifa ya maandishi mwezi mmoja kabla, kwa chama cha wafanyakazi ikiwa mfanyakazi ni mwanachama, au kwa mfanyakazi mwenyewe ikiwa si mwanachama, na kwa vyovyote kwa afisa wa leba. Taarifa hiyo kwa afisa wa leba ndiyo ambayo kampuni changa huisahau mara nyingi, wakidhani kwamba ofisi ya leba ni ya wafanyakazi wa mashamba ya miwa.

Kisha sheria inataja vipimo, na hapa ndipo nilipoona aibu niliposoma kwa mara ya kwanza. Katika kuchagua nani aondoke, mwajiri anatakiwa kuzingatia muda ambao mtu ametumikia, ujuzi wake, uwezo wake na jinsi anavyoweza kutegemewa. Vipimo vinne vilikuwa vimeandikwa tangu mwaka 2007, wakati sisi tulikuwa tunatafuta kipimo ndani ya jedwali la zamu. Yule kaka wa makamo angevipita vyote vinne. Dada wa Ugunja alilindwa pia na kifungu cha 46, kinachosema kwamba ujauzito, au sababu yoyote inayohusiana nao, haiwezi kuwa sababu ya haki ya kumwachisha mtu kazi. Hatukumwondoa kwa sababu alizaa, lakini tulitumia hesabu ambayo kuzaa kwake kuliipunguza, na kwangu mimi sioni tofauti kubwa.

Kuhusu fedha, kifungu hicho cha 40 kinataka mtu alipwe siku zake zote za likizo ambazo hajazitumia, apewe notisi ya angalau mwezi mmoja au mshahara wa mwezi badala yake, na alipwe malipo ya kuachishwa kazi yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliokamilisha. Tuchukue mfano. Mfanyakazi anapata shilingi 80,000 kwa mwezi na amefanya kazi miaka 6 na miezi 8. Miaka iliyokamilika ni 6, nayo 6 mara 15 ni siku 90. Kwa hesabu ya mwezi wa siku 30, hiyo ni mishahara 3, yaani shilingi 240,000, mbali na notisi na likizo. Nimewahi kuona barua iliyomwita mtu kama huyo na kumpa mshahara wa mwezi mmoja na asante, naye akatia sahihi kwamba hadai kitu, kwa kuwa alidhani ile asante ndiyo sheria.

Taarifa ya mwezi mmoja nayo ina maana zaidi ya karatasi. Mwaka 2012 Kenya Airways iliwapunguza wafanyakazi 447, na mgogoro uliofuata ulifika Mahakama ya Rufaa, ambayo ilitoa hukumu mwaka 2014. Jaji David Maraga, aliyekuwa katika jopo hilo, alieleza kwamba taarifa hiyo inakusudiwa kufungua mashauriano, ili pande zote zitafute njia ya kuzuia watu kuondolewa au kupunguza machungu yake. Maana yake ni kwamba ule mwezi si muda wa kungojea. Ni muda wa kuuliza kama saa za kazi zinaweza kupunguzwa, kama kuna wanaotaka kuondoka kwa hiari, kama yule anayejua mfumo wa zamani anaweza kuhamishiwa idara nyingine. Sisi tulikuwa na siku 3, na katika hizo hakuna mhusika hata mmoja aliyeulizwa.

Anayeachishwa kazi kwa madai ya kosa au ya utendaji hafifu yuko chini ya kifungu kingine, cha 41, kinachomtaka mwajiri amweleze sababu kwa lugha anayoielewa na kumsikiliza, huku akiwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama kando yake. Nakitaja kwa sababu kuna ujanja ninaoujua wa kumwondoa mtu kwa jina la nafasi kufutwa ilhali kilichopo ni chuki, na kuna ujanja wa kinyume chake, wa kumtafutia kosa aliyetakiwa kulipwa siku zake 15 kwa mwaka. Mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha sababu mbele ya mahakama. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ina kituo hapa Kisumu, kwa hiyo hakuna haja ya kupanda basi kwenda Nairobi kutafuta haki, lakini mlango huo hufungwa baada ya miaka 3.

Najua kwamba wengi wenu mmekuwa mkinisikiliza huku mkisema moyoni kwamba ninazungumza juu ya watu wenye barua za kazi. Nyinyi mnaoweka alama kwenye picha ili mashine ijifunze kutofautisha mtoto na gunia, mnaosikiliza sauti na kuziandika, mnaojibu wateja wa kampuni iliyoko bara jingine huku mkiwa mmeajiriwa na wakala, mna mikataba ya mwezi mmoja mmoja au hamna mkataba kabisa. Machi 2024 jukwaa la mtandaoni la Remotasks, lililogawa kazi za namna hiyo, lilifunga kazi zake nchini, na vijana waliokuwa wakilipia kodi ya nyumba kwa kazi hiyo wakaamka wakakuta mlango umefungwa, bila notisi ya maana na bila mtu wa kumuuliza. Kwa mfanyakazi wa namna hii swali la dada wa Ugunja halina hata ngazi ya kuulizia.

Kwenu ninyi ipo habari ya kuwatia nguvu kidogo. Mei 2022 Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini aliyekuwa akikagua maudhui ya Facebook, yaani kuchuja yaliyo mabaya, jijini Nairobi kupitia kampuni ya Sama, alifungua kesi dhidi ya Sama na Meta. Mwaka uliofuata wakaguzi wenzake 184 nao walikwenda mahakamani kuhusu jinsi walivyopunguzwa. Meta ilidai kwamba haiwezi kushtakiwa hapa kwa kuwa haina makao hapa wala haikuwaajiri. Februari 2023 mahakama ilikataa hoja hiyo kuhusu kesi ya Motaung, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikatupilia mbali rufaa za Meta, hivyo kesi zikaruhusiwa kuendelea. Mimi si wakili, wala sitawaambia kwamba mambo yamekwisha. Ninachosema ni kwamba mahakama ya Kenya imekubali kumtazama yule aliye nyuma ya wakala, na hilo halikuwa dogo. Mei mosi mwaka 2023 wakaguzi zaidi ya 150 walikutana Nairobi wakapiga kura ya kuunda chama chao. Wanaofanya kazi hiyo Kisumu, Kakamega na Eldoret wanaweza kujiuliza ni nini kinachowazuia kufanya vivyo hivyo.

Lakini niwe mkweli kuhusu mikataba ya muda maalumu, maana nimeona vijana wakitegemea yasiyokuwapo. Mkataba ulioandikwa kwamba utakwisha tarehe fulani kwa kawaida huisha tarehe hiyo, na mahakama zetu kwa jumla hazimlazimishi mwajiri kuurefusha, isipokuwa kama yeye mwenyewe alimpa mfanyakazi sababu ya haki ya kutarajia hivyo. Anayefanya kazi ya kibarua yuko mahali tofauti: akifanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja au zaidi, au akipewa kazi ambayo haiwezi kukamilika kwa chini ya miezi 3, kifungu cha 37 kinamhesabu kuwa mwajiriwa wa kawaida mwenye haki ya notisi. Kwa hiyo hifadhini ujumbe wa kila zamu na rekodi za M-Pesa za kila malipo. Ushahidi wa kibarua ni ule alioutunza mwenyewe.

Nitagusia mishahara kwa ufupi. Kifungu cha 5 kinamtaka mwajiri alipe sawa kwa kazi zenye thamani sawa, lakini katika kampuni nyingi mshahara ni siri inayolindwa kuliko nywila za seva. Nimesikia mara nyingi kwamba mhandisi anayefanya kazi kutoka Kisumu alipwe pungufu ya mwenzake wa Nairobi kwa kuwa maisha ya huku ni nafuu. Anayesema hivyo hajatafuta nyumba mtaa wa Milimani hapa kwetu hivi karibuni, na hata kama nyumba zingekuwa za bure, programu anayoiandika mtu wa Kisumu haiuzwi kwa bei ya Kisumu.

Jambo jingine linakuja kwa kasi, nalo ni kupimwa na mashine. Zipo programu zinazohesabu umebonyeza kibodi mara ngapi na umekaa dakika ngapi bila kugusa chochote, kisha zinatoa alama. Jedwali letu lilikuwa la mkono, na bado lilitutawala. Fikirieni jedwali linalojipanga lenyewe na kuchora mstari lenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutohukumiwa na mashine peke yake katika uamuzi unaomwathiri kwa uzito. Mfanyakazi anayeambiwa kwamba mfumo ndio uliomwondoa ana haki ya kudai uamuzi huo utazamwe na binadamu, na nawasihi msiogope kuidai kwa maandishi.

Waajiri wangu, sikuja kuwashtaki. Wengi wenu mmeanza kampuni hapa bila mtaji wa maana, na najua kwamba mteja mmoja mkubwa akiondoka mnaweza kushindwa kulipa. Hakuna aliye na akili timamu atakayewadai muahidi kazi ya milele. Ninachowaomba ni kwamba leo, wakati hamna nia ya kumwondoa mtu yeyote, mwandike kipimo mtakachotumia siku mbaya ikifika, mkiweke mahali kila mtu atakisoma, na mruhusu wafanyakazi waseme kama kina kasoro. Mtu aliyekuwa likizo ya uzazi au aliyeugua ahesabiwe kwa miezi aliyofanya kazi. Kazi ngumu ipewe uzito wake. Na atakayetoa habari mbaya awe mtu mwenye majibu, aketi na yule anayeondoka muda wa kutosha, asimtumie kijana wa rasilimali watu aliyeajiriwa mwezi uliopita.

Miaka 2 baada ya Jumatatu ile nilimtafuta dada wa Ugunja kwa simu, nikamweleza kila kitu: jedwali, miezi 6, mstari chini ya jina la 25, na uongo wangu wa kwenye ngazi. Alinyamaza kwa muda mrefu hadi nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Kwa hiyo mlikuwa watatu, na hakuna aliyegawanya?" Nikasema hakuna. Nilimwambia kwamba bado alikuwa na mwaka mmoja wa kwenda mahakamani na kwamba mimi ningesimama kuwa shahidi wake. Aliamua kutokwenda, na sababu zake ni zake. Lakini alinishukuru kwa kumwambia, akaongeza kwamba katika miaka ile 2 alikuwa ameshaamini kwamba hajui kazi.

Kwenye meza ile karibu na mlango nimeweka nakala za vifungu nilivyovitaja. Wale niliowaomba mje na mikataba yenu, nitakaa hapo hadi jioni tuisome pamoja, mmoja baada ya mwingine, tukianzia ukurasa unaoeleza jinsi mkataba unavyokwisha. Asanteni kwa kunisikiliza.